Fielder ya kilometa 284,000 inachemsha njiani: nibadilishe injini?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2003, injini 1NZ, otomatiki. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu hapa Tabora mjini na sasa inasoma kilometa 284,000. Nafanya biashara ya asali: naifuata Sikonge, narudi na ndoo 14 za lita 20 nyuma, mimi na kijana wangu mbele. Nikizunguka mjini, hata nikikwama karibu na soko, sindano ya joto haiondoki katikati. Nikitoka Sikonge na mzigo, baada ya mwendo kidogo inaanza kupanda. Nasimama, ikipoa naongeza maji kama lita moja, naendelea. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, akasema nchi ya joto haiihitaji. Wa pili akabadilisha feni. Hali ni ile ile. Oili nayo inapungua, naongeza lita moja kila kilometa 2,000 hivi. Sasa fundi wa tatu anasema kilometa zimeisha, injini imechoka, niagize nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Fedha naipata kwa shida. Niagize, niuze gari, au kuna kingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Pesa ya injini ibaki ilipo kwanza.

Umeniletea mambo matatu: gari linachemsha, oili inapungua, na kilometa zinakutisha. Fundi wako wa tatu ameyafunga yote kwa kamba moja na kuyaita "injini imechoka". Inawezekana yuko sahihi. Lakini kwa maelezo yako sijaona mahali alipopima chochote, na injini haihukumiwi kwa kuitazama usoni.

Tuanze na kilometa, maana hizo ndizo zinazokunyima usingizi bure. Gari la 2003 lina zaidi ya miaka 20 barabarani. Gawanya 284,000 kwa miaka hiyo, unapata kama 13,000 kwa mwaka. Hizo ni kilometa za gari la mtu aliyekuwa anakwenda kazini na kurudi nyumbani. Ungeniambia Fielder ya mwaka huo inasoma 90,000 ndipo ningekuuliza nani alizirudisha nyuma. Injini ya 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi, si belti ya kubadilishwa kila kilometa 100,000, na ikipata oili safi kwa wakati inakwenda mbali sana. Nimefungua za aina hiyo zenye kilometa nyingi kuliko yako nikakuta kuta za silinda bado zina mikwaruzo ya kiwandani. Nimefungua pia za kilometa 120,000 zilizojaa tope jeusi kwa sababu mwenyewe alikuwa anaongeza oili tu bila kuimwaga. Kilometa haziishi kama bando la simu.

Sasa kuchemsha. Umenieleza vizuri kuliko wateja wengi, maana umesema linachemsha wapi na halichemshi wapi, na hapo ndipo jibu lilipojificha. Feni kazi yake ni kuvuta hewa gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukiwa mwendo wa 80 kwenye lami ya Sikonge, upepo wa mbele unapita kwenye rejeta wenyewe, feni haina cha kuongeza. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani lina ugonjwa wa feni. La kwako ni kinyume: mjini salama, safarini na mzigo linapanda. Ile feni ulibadilishiwa bure, na naomba kama ya zamani bado ipo uichukue, ni spea yako.

Gari linalochemsha kwenye mwendo wa kasi linasema kitu kimoja: maji yenye joto hayapiti ya kutosha kwenye rejeta, au yanapita lakini rejeta haiwezi kuyapoza. Hapa lazima nizungumzie thamostati kwa kirefu, maana kuitoa ni kosa linalorithiwa gerejini kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake. Mimi mwenyewe nilipokuwa nashika spana za watu nilitupa nyingi, nikiamini namsaidia mteja.

Wengi wanaiona thamostati kama kizuizi: mlango unaobana maji, kwa hiyo ukiuondoa maji yatapita zaidi na injini itapoa zaidi. Kwenye baadhi ya injini za zamani hoja hiyo inaelekea ukweli. Kwenye 1NZ si hivyo. Thamostati yake imekaa pale bomba la chini linaporudisha maji kutoka kwenye rejeta kuingia kwenye injini, na ina visahani viwili, si kimoja. Cha juu kinafunga na kufungua njia ya rejeta. Cha chini kinafunga na kufungua njia ya mchepuko (msicheke, ndilo jina lake), ambayo inayarudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta, kama barabara inayokwepa katikati ya mji.

Asubuhi injini ikiwa baridi, njia ya rejeta imefungwa na mchepuko uko wazi. Maji yanazunguka ndani kwa ndani, injini inapata joto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi thamostati inaanza kufunguka, na karibu na nyuzi 95 imefunguka yote. Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba wakati kisahani cha juu kinafunguka, cha chini kinauziba mchepuko. Sasa maji hayana ujanja, lazima yapite kwenye rejeta.

Ukiitoa thamostati, umeondoa visahani vyote viwili. Njia ya rejeta iko wazi, na mchepuko nao uko wazi siku zote. Maji hufuata njia nyepesi. Sehemu kubwa inarudi kwenye injini ikiwa na joto lake lile lile, haijaiona rejeta. Ukiwa unazunguka kutoka Ipuli hadi Isevya bila mzigo, kiasi kidogo kinachopita kwenye rejeta kinatosha. Ukiibebesha asali ukaikimbiza, injini inazalisha joto maradufu na kile kidogo hakitoshi tena. Sindano inapanda.

Na bado hujaimaliza hasara. Asubuhi bila thamostati injini inachelewa kupata joto. Kompyuta ya gari inaona maji bado ni baridi, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye oili yenyewe. Unyevu unaotakiwa kuyeyuka kwa joto unabaki ndani. Gia boksi nayo inachelewa kuingia gia ya mwisho kwa kuwa imeambiwa injini bado baridi. Ulaji wa mafuta unaongezeka, na ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kwenye silinda, zinaendelea kulika taratibu. Ndiyo maana sitaki kuizungumzia oili yako kabla thamostati haijarudi mahali pake.

Lakini nisikudanganye kwamba thamostati ndiyo mwanzo wa yote. Fundi wa kwanza aliitoa kwa sababu gari lilikuwa limeshaanza kuchemsha. Kuna kitu kilitangulia. Huenda thamostati ile ilikuwa imegoma kufunguka, basi ilitakiwa ibadilishwe, isiondolewe. Huenda pia ni rejeta, au kifuniko chake.

Kifuniko cha rejeta watu wanakiona kama kizibo cha chupa. Kwa sisi wa Tabora ni kitu kikubwa kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Linganisha na nilichosema hivi punde: thamostati inafunguka yote karibu na nyuzi 95. Yaani bila msaada, injini yako inafanya kazi kwenye ukingo wa kuchemka. Msaada huo ni kifuniko. Springi yake inabana maji yakae chini ya mgandamizo, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, unarudi kwenye 96. Maji yanatokota, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, yanamwagika, na wewe unakuta lita moja imepungua wala hakuna bomba lililotoboka. Nunua kifuniko chenye mgandamizo ule ule ulioandikwa kwenye cha zamani, wala usichague kwa kuwa tu kimeenea mdomoni.

Rejeta ichunguzwe nje na ndani. Nje, ingiza tochi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Barabara za kuingia vijijini kwenye mizinga zina nyasi ndefu, na mbegu zake zinajipanga pale katikati kama blanketi. Mwagia maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya kuoshea yenye nguvu italaza mapezi ya rejeta. Ndani, tatizo ni maji uliyokuwa unaongeza. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, na injini hii ni ya alumini, bloku na hedi (sehemu ya juu ya injini). Mwaka mmoja wa maji matupu unatosha kuanza kutengeneza utando kwenye vijibomba vya rejeta. Fundi anaweza kujua kwa kupitisha mkono au kipima joto cha mwanga injini ikiwa imezimwa ingali na moto: sehemu iliyoziba inakuwa ya baridi wakati jirani yake inaunguza. Rejeta iliyoziba nusu usihangaike nayo kwa dawa za kumimina, ioshwe na mtu anayejua au ibadilishwe.

Halafu ujaze kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, jumla ni karibu lita 6. Maji hayo huuzwa kama maji ya betri, ila hakikisha si ile asidi, maana madukani vinakaa rafu moja. Nasikia mnasema kulanti ni ya nchi za barafu. Hapana. Kwetu inafanya kazi ya kuzuia kutu, kulainisha sili ya pampu ya maji na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Ukishajaza, injini iachwe inaunguruma, hita ikiwa wazi na kifuniko hakijafungwa, hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Gari nyingi zinarudi gereji kesho yake kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani.

Kabla sijaenda kwenye oili, ngoja tupime mzigo wako. Nadhani umehesabu ndoo 14 za lita 20 kama maji, kilo 280. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 1.4. Ndoo moja ni kama kilo 28, zote 14 ni karibu kilo 390, bado wewe na kijana. Japani walilipigia Fielder hesabu ya watu watano wa kilo 55, yaani kilo 275, dereva akiwemo. Hata Probox, ambayo ilizaliwa kubeba mizigo, kikomo chake ni kilo 400 ikiwa na watu wawili. Kwa hiyo gari lako haliumwi peke yake, linaonewa pia. Sikwambii uache biashara. Ndoo nane, mwendo wa 70 badala ya 90, na usafiri alfajiri badala ya saa nane mchana mwezi wa Oktoba, vitakupunguzia joto kuliko feni mpya. Springi, shokapu na bushi za nyuma nazo zitakushukuru, na breki zitakusimamisha mahali unapotaka.

Sasa maji yanayopungua. Ukibadilisha kifuniko na bado yanapungua, tafuta alama za kukauka, nyeupe au za rangi ya kulanti, kwenye maungio ya mabomba, kwenye matangi ya plastiki ya rejeta na chini ya pampu ya maji. Kwenye 1NZ pampu inazungushwa na belti ya nje, kwa hiyo inaonekana bila kufungua injini. Pasipo na alama yoyote nje, hofu inahamia kwenye hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma dakika baada ya dakika ni hewa ya silinda inayopenya kwenye maji. Dalili nyingine ni bomba la juu kuwa gumu kama jiwe muda mfupi tu baada ya kuwasha, au moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto. Kuhusu oili yenye rangi ya chai ya maziwa, tahadhari: utando wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili peke yake unaweza kuwa unyevu tu, hasa kwa gari lisilo na thamostati kama lako. Ukiuona kwenye kijiti cha kupimia oili, hapo ni habari nyingine, usiliwashe tena.

Oili. Lita moja kwa kilometa 2,000 haipendezi, lakini si kifo. Vitabu vya Toyota vyenyewe vimewahi kuruhusu hadi lita moja kwa kilometa 1,000. Mwambie fundi aangalie kwanza vali ya kupumulia injini, ile ndogo inayounganisha mfuniko wa juu na njia ya hewa. Ni rahisi, na ikiziba inasukuma oili mahali isipotakiwa. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha kisha ukakoma ni sili za vali. Unaotoka wakati wote unapokanyaga mafuta, hasa ukiwa na mzigo, ni ringi. Usikubali kumwagiwa oili nzito ya malori "ili izibe". Injini yako ni ya VVT-i, yaani inasogeza taimingi yake kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba, na hata kikaza cheni kinategemea oili hiyo hiyo. Tumia 5W-30, au 10W-30 kama oili inapungua, na uimwage kila kilometa 5,000.

Baada ya yote hayo, ndipo ikapimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hiki ndicho kipimo ambacho fundi wa tatu alipaswa kukifanya kabla hajatamka neno "agiza". Kiwango cha 1NZ mpya ni kama kilopaskali 1,471, ambazo kwenye geji nyingi za mafundi ni paundi 213. Cha chini kinachoruhusiwa ni 1,079, yaani paundi 156, na silinda zisipishane kwa zaidi ya paundi 14. Ila kumbuka hewa yetu ni nyepesi. Geji ya Tabora itasoma chini ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi hata injini ikiwa nzima. Tazama zaidi silinda zinavyolingana. Moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Majibu hayo ndiyo yatakayoamua. Silinda zikilingana na zote zikiwa ndani ya kiwango, unahitaji thamostati, kifuniko, kulanti na labda rejeta, na hapo umemaliza. Gasketi ikiwa imeungua, hedi ifunguliwe na ipelekwe kwa mwenye mashine ya kusawazisha. Asiisugue kwa msasa juu ya meza. Ringi zikiwa zimekwisha kweli, ndipo tuzungumze kati ya kuifungua injini yako na kununua iliyotumika. Hapo sina upendeleo mkubwa: kuifungua kunategemea kabisa mikono ya fundi, na iliyotumika ni kununua mbuzi kwenye gunia, hujui ilikula nini huko ilikotoka. Ukiinunua, ipimwe kompresheni mbele yako kabla haijapanda basi, na namba yake mpya uipeleke TRA iingizwe kwenye kadi, vinginevyo siku ya kuuza utapata taabu.

Kuuza? Ningeuza kama gia boksi ingekuwa inateleza, au chesi ina kutu, au kadi ina mgogoro. Hukutaja hata moja. Na ukiuza ukaagiza jingine la umri mkubwa, tozo ya uchakavu itakungojea bandarini. Mimi ningebaki nalo.

Hadi lipone, usilipeleke Sikonge na mzigo. Likikupandia popote, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, simama kivulini, zima injini. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa nzima, nimeona nyuso zilizoungua. Usimwage maji baridi juu ya hedi yenye moto. Sindano ikishuka ghafla bila sababu wakati injini inanuka joto, usifurahi: kipima joto kinakaa ndani ya maji, na maji yakiisha kinaanza kupima mvuke. Usikubali kuvutwa kwa kamba hadi Tabora, maana gia boksi ya otomatiki hailainishwi injini ikiwa imezimwa. Tafuta gari la kulipakia, au linalonyanyua magurudumu ya mbele.

Nenda gereji asubuhi, gari likiwa limelala bila kuwashwa, ili yale mapovu muyaone pamoja. Ukishapata namba nne za kompresheni, niandikie kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa belti.